Siri Niliyokabidhiwa Skulini

Nilipewa kazi ya ulezi wa wanafunzi kwa sababu nilikuwa mdogo kuliko walimu wote na sikuwa na ubavu wa kukataa. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini, katika skuli ya sekondari ya wavulana nje kidogo ya mji wa Chake Chake. Mimi ni mzaliwa wa Madungu. Nilisomea ualimu Unguja, nikarejea Pemba na sanduku la vitabu na suruali mbili za kaki, na haukupita muda nikaoa. Mwalimu mkuu, mtu mzima wa Unguja aliyezungumza polepole kama anayeandika ubaoni, aliniita ofisini akaniambia kwamba vijana wa dahalia, wanaolala hapo skuli, wanatoka mbali, wengine hawajapata kulala nje ya kwao hata siku moja, na kwamba wanahitaji mtu wa kumwendea wakifikwa na jambo.

"Bwana, nitawaambia nini?" nilimuuliza.

"Utawasikiliza. Ya kuwaambia yatakuja baadaye."

Hayo ndiyo mafunzo yote niliyopata. Nilipewa chumba kidogo kilichokuwa kikiwekewa ramani na globu iliyovunjika mguu, nikatia meza, viti viwili na birika la chai. Kila Alhamisi baada ya masomo ya mchana nilikaa humo na mlango nikauegesha. Wiki tatu za mwanzo hakuja mtu. Wiki ya nne alikuja kijana wa darasa la tisa aliyekuwa akikojoa kitandani, akaniambia huku anaangalia ramani ya Afrika. Nilimwambia apewe kitanda cha karibu na mlango na asinywe chai baada ya Magharibi, na nikamtafutia shuka la pili. Hakuna mwenzake aliyejua kwa nini kahamishwa kitanda. Baada ya hapo wakaanza kuja mmojammoja. Mmoja alikuwa akimwogopa mwalimu wa hesabu. Mwengine baba yake alitaka aache skuli akasimamie mashamba. Mwengine hakuwa na shida yoyote, alitaka chai tu. Nikaanza kujiona nafaa. Nasema hivi ili ijulikane kwamba nilikuwa nimeshajua siri ni kitu gani na inawekwaje. Sikukosea kwa ujinga.

Yule kijana wa Micheweni alikuja mwaka wa pili wa kazi yangu. Alikuwa darasa la kumi, mrefu, mwembamba, na hesabu alikuwa akizifanya kwa kichwa huku wenzake wanatafuta kalamu. Mwalimu wa hesabu alikuwa akisema kwamba huyu atakwenda mbali, na alikuwa mtu asiyemsifu mtu. Siku ile aliingia, akaufunga mlango kabisa, hakuuegesha. Nilimmiminia chai katika kikombe changu kwa kuwa kile cha wageni kilikuwa kimepasuka. Akanywa nusu, akakirudisha mezani.

"Maalim, n'na jambo, lakini mpaka unipe ahadi."

"Ahadi gani?"

"Halitoki humu."

Nikamwambia halitoki. Akanitaka niseme wallahi, nami nikasema wallahi. Nilisema upesi, kama mtu anayejibu salamu.

Akanieleza kwamba mama yake yuko katika kambi ya wagonjwa wa ukoma. Hakulitaja jina la maradhi, wakati ule watu wengi hawakulitaja. Alisema "maradhi yale" na akagusa vidole vyake. Ilianza na baka begani ambalo halikuwasha wala halikuuma. Halafu siku moja mama aliteremsha sufuria jikoni kwa mikono mitupu, akaitua chini vizuri, na mwanawe mdogo ndiye aliyepiga kelele kwa kuona ngozi ya kiganja imebaki kwenye sufuria. Mama hakusikia kitu. Bwana afya alipokuja, akapelekwa kambini. Kijijini waliambiwa kwamba amekwenda kwa jamaa zake Unguja, na babu wa kijana, baba wa mama huyo, ndiye aliyeitunga habari hiyo na kuishikilia. Baba mtu alikuwa ameshakufa zamani.

Kutoka skuli hadi kambini ulikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu. Kila Ijumaa baada ya sala kijana alikwenda kumwona mama yake, akirudi baada ya wenzake kuhesabiwa. Alimwambia msimamizi wa dahalia kwamba anakwenda kwa shangazi yake Vitongoji, ambaye ni mgonjwa.

"Mama anapewa vidonge," aliniambia. "Daktari kasema atapona. Lakini nisipokwenda atadhani na mie nimemkimbia."

Nilimwambia maneno mazuri. Sikumbuki yote, nakumbuka tu kwamba yalikuwa mazuri, kwa sababu aliinuka amechangamka na akanipa mkono. Nikaupokea mkono wake. Alipotoka nilikaa nikakitazama kile kikombe. Nyumbani nilikuwa na binti wa miezi saba aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa. Nilifika, mke wangu akaninyooshea mtoto kama kawaida, nami nikasema ngoja kwanza ninawe. Nilinawa kwa maji ya moto na sabuni ya mche mpaka vidole vikakunjana. Mke wangu aliniuliza nimeshika nini. Nikamwambia chaki.

Kile kikombe sikukinywea tena. Nilikitupa nyuma ya jiko la skuli. Alhamisi iliyofuata kijana alikuja kunishukuru, nikamwambia birika limeharibika. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba maradhi yale hayaambukizi kwa kushikana mikono mara moja wala kwa kunywea chombo kimoja, na mwili wa kijana ulikuwa safi kabisa. Kichwani nilijua. Lakini kila nilipomwona bwaloni ameketi bega kwa bega na wenzake, nilikuwa nikiwatazama wale wenzake na moyo unaniambia kwamba kukipatikana mgonjwa mmoja, mimi ndiye niliyekuwa najua nikanyamaza.

Miaka ile ilikuwa ya siasa. Mikutano ilikuwa kila upande, na watu wa nyumba moja walikuwa hawasalimiani. Skuli ilikataza wanafunzi kwenda mikutanoni, na mwalimu mkuu alikuwa na wasiwasi mkubwa na jambo hilo, kwani alikuwa na wakubwa juu yake. Ikatokea kwamba msimamizi wa dahalia alikutana sokoni na yule shangazi wa Vitongoji, mzima wa afya, anauza pweza. Akamuuliza hali, shangazi akashangaa. Taarifa ikafika ofisini kwamba kijana anadanganya na kila Ijumaa anapotea.

Mwalimu mkuu aliniita. Alikuwa peke yake, miwani kaivua.

"Huyu kijana wa Micheweni anakuja kwako Alhamisi?"

"Anakuja, Bwana."

"Anakwenda mikutanoni? Maana akiwa anakwenda, nitamfukuza, na sipendi kumfukuza. Ni kijana mzuri."

"Haendi mikutanoni. Anakokwenda nakujua, na si kubaya."

Akanitazama, akavaa miwani yake. Kisha akasema maneno ambayo nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko sura yoyote ya Kurani niliyowahi kuihifadhi.

"Basi. Ukinithibitishia wewe, mimi inanitosha. Sina haja ya kujua zaidi. Mwambie tu awe anaomba ruhusa."

Mlango ulikuwa wazi na nilikuwa nimeshaachiwa kwenda. Nilisimama. Nilijiona kama mtu aliyebeba gunia akaambiwa sasa atalibeba milele. Nikaurudisha mlango, nikakaa bila ya kukaribishwa, nikamweleza yote. Mama, kambi, baka, sufuria. Nilieleza hata ngozi ya kiganja.

Mwalimu mkuu alikunja uso, si kwa hasira.

"Hili usingeniambia," alisema. "Sasa kwa kuwa nimejua, siwezi kujifanya sijui. Nina vijana sitini wanalala humu."

Aliita watu wa afya, na kwa haki yake niseme kwamba aliwaomba waje kwa siri. Lakini siri ya dahalia yenye vijana sitini haiwezekani. Bwana afya alikuja asubuhi na bomba la dawa. Godoro la kijana likatolewa nje, likaegeshwa ukutani juani, peke yake. Kijana akachukuliwa hospitali, akavuliwa shati, akachomwa kwa sindano hapa na pale kuangaliwa kama anasikia. Alisikia kote. Daktari aliandika kwa mkono wake kwamba hana maradhi na hapana sababu ya kutengwa. Ile karatasi mwalimu mkuu aliisoma mbele ya skuli nzima, akidhani anasaidia. Waliokuwa hawajui wakajua.

Jioni ile nilipita bwaloni. Kulikuwa na wali na maharage. Sahani yake ilikuwa imetiwa alama kwa rangi nyekundu, na meza ndefu ya watu kumi na wawili alikuwa ameketi yeye mmoja. Hakuna aliyemtukana. Yule aliyekuwa rafiki yake mkubwa, ambaye siku zote walikuwa wakiitana yakhe na kugawana hata dawa ya meno, alikuwa meza ya pili amempa mgongo. Niliingia mpaka katikati ya bwalo. Ningeweza kwenda kukaa naye. Nilimuuliza mpishi kitu kuhusu kuni, nikatoka.

Siku ya tatu, si Alhamisi, alikuja katika chumba cha ramani. Alikuwa amefunga vitu vyake katika mkeka. Hakukaa.

"Maalim, n'naondoka. Lakini nilitaka kukuuliza jambo moja tu."

"Uliza."

"Walikulazimisha, au ulisema mwenyewe?"

Nilikuwa nimeshika faili, nikaliweka, nikalichukua tena.

"Walinilazimisha," nilisema. "Wangekufukuza. Sikuwa na njia."

Aliuweka mkeka begani. Kisha akasema, "Haya. Kama ni hivyo, sina neno nawe, Maalim." Akanipa mkono. Nikaupokea, na safari hii sikunawa, kana kwamba hilo lingefuta kitu.

Baada ya wiki mbili mwalimu mkuu alinipa barua ya kumrudisha. Alikuwa amesema na wanafunzi darasa kwa darasa, amempatia nafasi ya kulala kwa mwalimu wa hesabu, ambaye aliitikia bila ya kuulizwa mara mbili. Niliomba mimi ndiye niipeleke. Njiani nilipanga namna nitakavyosema. Nitaanza kwa kumwomba radhi, nilisema moyoni, ya barua baadaye.

Micheweni ardhi ni mawe matupu, mtu analima katika mifuko ya udongo baina ya miamba. Nilimkuta nje ya kijiji kwenye tanuu la chokaa, anapanga mawe na vijana wengine wawili, mweupe kwa vumbi hadi nyusi. Aliniona, akafuta mikono, akanipeleka kwa babu yake. Yule mzee alinitandikia jamvi jipya.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Kijana katueleza. Wewe ndiye uliyemtetea."

Nikamtazama kijana. Alikuwa anaangalia mlangoni.

Tuliletewa muhogo wa nazi na samaki wa kuchoma, na maji ya kunawa nikamiminiwa na mzee mwenyewe, mtu wa umri wa babu yangu. Nilikula chakula kile. Kwa kila tonge nililomeza nilikuwa nayasukuma chini maneno niliyoyapanga njiani. Nikatoa barua. Kijana aliisoma, akaikunja vizuri.

"Mwambie mwalimu mkuu ahsante," alisema. "Lakini sirudi."

"Mtihani ni mwakani. Umebakisha kidogo."

"Najua nilichobakisha." Sauti yake haikupanda. "Maalim, hapa kijijini nao wameshajua. Kuna jamaa wa mwanafunzi mmoja alikuja na habari. Mdogo wangu wa kike walikuwa waje kumposa, hawakuja tena. Nikirudi skuli, babu atabaki na haya peke yake."

Hilo la mdogo wake nilikuwa silijui. Nilikuwa nikidhani nimemharibia mmoja.

Niliondoka bila ya kusema nililokwenda kulisema. Mzee alinisindikiza mpaka barabarani, akaniombea dua, nikaitikia amin.

Miezi michache baadaye nikapata habari kwamba kijana amevuka kwenda Tanga kutafuta kazi. Ndipo nilipofikiri kwamba sasa Ijumaa hakuna anayekwenda kambini. Niliazima baskeli nikaenda. Mke wangu nilikuwa nimeshamweleza kila kitu, na kabla sijaondoka alitia katika kikapu mkate wa kumimina aliouoka mwenyewe. Hakusema kitu ila, "Usimpe kwa mbali."

Nilimkuta mama huyo chini ya banda la makuti, anasuka ukili wa mikeka. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimefupika, lakini alikuwa anasuka upesi. Nikajitaja kwamba mimi ni mwalimu wa mwanawe. Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake na sikujua kwamba nimesimama hatua nne mpaka aliponisogezea kigoda kwa mguu, akakiacha katikati ya njia, asinikaribie.

"Kaa hapo, Maalim. Wengi hukaa hapo."

Nikakichukua kigoda, nikakiweka karibu yake, nikakaa. Nilimpa mkate. Aliuliza mwanawe anaendeleaje na masomo.

Hakuna aliyekuwa amemwambia, hata kijana mwenyewe. Nikamwambia mimi. Nilimweleza kwamba kaacha skuli na kavuka Tanga, na kwa nini, na nani aliyesema. Niliposema kwamba sikulazimishwa, aliacha kusuka. Akauweka ukili mapajani.

"Yeye anajua hivyo?" aliuliza.

"Hajui."

"Basi utamwambia mwenyewe. Mie sikubebei."

Nikamwambia nitamwambia. Akaukata mkate, akala kipande, kingine akanipa, nikala.

Nilikwenda mara moja kila mwezi kwa muda wa mwaka na ushei. Hatukuwa marafiki. Alinipokea kwa adabu, akaniuliza hali ya mke wangu na mtoto, na hakuna hata safari moja aliyonambia yamekwisha. Kazi ya ulezi niliendelea nayo. Nilimwomba mwalimu mkuu aniondoe, akakataa. Alisema, "Ukiondoka wewe nitaweka mtu ambaye bado hajakosea." Kila kijana aliyeingia chumba kile na kuniomba nimwapie, nilimwambia kwanza kwamba mimi niliwahi kuapa nikavunja. Wengine waliinuka wakaenda zao. Waliobaki niliwatunzia.

Mwanzoni mwa miaka ya sitini daktari akampa yule mama karatasi ya kwamba amepona na anaweza kurudi kwao. Nilikwenda siku ile ya kuondoka, na nikamkuta mwanawe ameshafika kutoka Tanga. Alikuwa amenenepa kidogo, amevaa saa, na alikuwa karani wa bohari kule. Mama alikuwa ndani anawaaga wenzake. Tukawa wawili tu nje, kando ya baskeli yangu.

Nilimwambia hapohapo, kabla hatujamaliza salamu. "Siku ile ulipokuja kuaga uliniuliza jambo. Nilikudanganya. Hawakunilazimisha. Mwalimu mkuu alikuwa ameshaniambia basi, nami nikasema mwenyewe. Nilikuogopa wewe, na nilimwogopea mwanangu."

Hakushtuka. Alikuwa anaangalia tairi la mbele, akaliminya kwa kidole gumba kama anapima upepo.

"Nilikuwa najua, Maalim," alisema. "Mwalimu mkuu aliniambia asubuhi ya siku ile ile niliyokuaga. Aliniomba radhi. Alisema alikwambia basi, nawe ukaendelea. Kwako nilikuja baadaye."

"Sasa kwa nini uliniuliza?"

"Nilitaka uniambie wewe."

Nikamuuliza kwa nini basi babu yake aliambiwa kwamba nilimtetea.

"Babu alitaka awepo mtu mmoja aliyetutetea. Nikamwambia ni wewe. Wengine nisingeweza kuwasema, maana hata karibu yangu hawakuja." Akaliachia tairi. "Nilikuwa na hasira nawe miaka miwili. Sasa siijui iko wapi. Usinambie kwamba nimekusamehe, Maalim, kwani hilo bado sijalipima. Lakini kusema umesema."

Mama alitoka, kavaa kanga mpya aliyoletewa na mwanawe, viatu mkononi. Alitutazama mmoja mmoja. Akamuuliza mwanawe, "Kakwambia?" Kijana akasema kamwambia. Mama akaitikia kwa kichwa, akanikabidhi mzigo wake wa mikeka niuweke nyuma ya baskeli. Nikaufunga kwa kamba. Tukatembea watatu mpaka barabara kuu, wao mbele wakizungumza habari za posa mpya ya yule mdogo wa kijana, mimi nyuma nasukuma baskeli, na gari ya Micheweni ilipokuja nikawapakilia mizigo, wakaondoka.